Kipimo cha mate kimemtoa shangazi kwenye grupu la ukoo

Shikamoo Bibi,

Nina miaka 43, mama wa watoto watatu. Nimezaliwa Pangani, nimesoma Tanga, na huu ni mwaka wa 14 nipo Leicester, Uingereza, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Barua yangu ni ndefu, naomba univumilie.

Upande wa baba tumekua tukiambiwa sisi ni watu wa Oman. Nisba, yaani jina la ukoo wa Kiarabu, tunayo, siitaji hapa, na kila Idi hakosi mzee wa kusimulia jinsi babu zetu walivyoshuka na jahazi wakalima miwa kandokando ya mto Pangani. Mama yangu ni Mbondei wa Muheza, na tulikuwa tukitaniwa kwamba weusi wetu wote tumeutoa kwake. Mwishoni mwa mwaka jana vipimo vya nasaba viliuzwa kwa bei ya punguzo, nikanunua kimoja. Nikatema mate kwenye kichupa, nikakipeleka posta, nikasahau.

Majibu yakaja: asilimia 55 Kenya na Tanzania, 38 Malawi na Msumbiji, 4 Bara Arabu, 3 vipande vipande. Bibi, nilicheka. Na kwa kicheko hicho hicho nikapiga picha ya skrini, nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo na maneno "Kumbe sisi Wanyasa jamani!" Kisha nikaenda zamu ya usiku.

Asubuhi natoka, nakuta shangazi amejitoa kwenye grupu. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, ana miaka 81, na ndiye aliyetusomesha Kurani sote, chuoni kwake barazani. Amu kanitumia sauti ya dakika sita. Mengi siwezi kuyarudia, ila alimalizia kwa kusema nimeuvua ukoo nguo sokoni. Kumbe wiki hiyo hiyo binti wa kaka yangu alikuwa na posa kutoka Unguja, na picha yangu ilishafika huko.

Halafu kuna mengine. Ile tovuti inaonyesha watu unaochangia nao damu. Yuko mwanamke anaishi Toronto, wazazi wake wa Muscat, nisba yake ndiyo yetu. Tumelingana sentimogani 118, ndicho kipimo chao cha vinasaba ambavyo watu wawili wanachangia. Kaniandikia kwa Kiswahili kizuri kunishinda, anasema bibi yake alikuwa akitaja "watoto wa suria waliobaki Pangani". Sijamjibu.

Na kuna karatasi. Katika kasha la marehemu bibi, ambalo sasa yuko nalo shangazi, mna karatasi ya Kijerumani yenye muhuri, na nyuma yake pana mwandiko wa Kiarabu uliofifia. Tuliambiwa ni hati ya shamba la minazi. Sijawahi kuonyeshwa shamba hilo.

Je, kipimo kimekosea? Nimjibu huyu wa Toronto? Mwenzangu kazini anasema kuna maktaba ya nasaba Marekani yenye vizazi vya dunia nzima. Nikitafuta huko nitampata huyo suria? Na shangazi nimfanye nini? Mume wangu anasema funga akaunti, nyamaza, yatapita.

Kitukuu, Leicester

---

Marahaba mjukuu wangu, na pole na zamu za usiku.

Kipimo hakijakosea sana, na wazee wako hawakusema uongo. Naanzia hapo kwa sababu naona umeshaamua kwamba mmoja wao lazima awe mwongo. Nisba ya pwani huhesabiwa kwa baba: fulani bin fulani bin fulani, mpaka ufike kwenye jahazi. Kila kizazi kinaleta mama, na kila mama anaachwa nje ya hesabu. Mate hayajui bin. Yanamhesabu kila mtu.

Mchukue baba wa babu yako. Wewe ni kitukuu chake, na kitukuu kwa wastani hubeba asilimia 12.5 ya kila mmoja wa wazee wanane wa ngazi ile. Angekuwa Mwarabu pande zote, ungetegemea kuona 12 hivi. Umeona 4. Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba mzee yule naye alikuwa mtoto wa pwani, baba zake wa nisba, mama zake wa bara, labda kwa vizazi viwili vitatu kabla yake. Nisba haikupungua kwa hilo. Katika sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake, bwana akamkubali, ni huru, huitwa kwa jina la baba yake na hurithi pamoja na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Majid na Barghash, watoto wa Seyyid Said waliotawala Unguja baada yake, wote wawili mama zao walikuwa masuria, na hakuna aliyethubutu kuwaambia hawana ukoo.

Wala si kwenu tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, na mji mmoja wa bara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wa wale wa pwani zaidi ya nusu ya damu ilikuwa ya Afrika, na sehemu hiyo imetoka hasa kwa wanawake. Ya Asia iliingia hasa kwa wanaume, mwanzo wengi wao Waajemi, na baada ya 1500 Waarabu wakazidi. Hadithi ya jahazi imo humo, nzima kabisa. Wasimulizi waliruka tu habari za waliompokea mwenye jahazi ufukweni, wakampikia, wakamzalia.

Sasa tuje kwenye ile 38, ambayo wewe uliicheka na mimi haikunichekesha. Nusu yako ni ya mama, na Ubondei wake umo ndani ya ile 55. Imebaki nusu ya baba, na humo 38 imekwenda kusini. Wazazi wa babu yako na wa bibi yako ni wanne, kila mmoja 12.5. Hesabu mwenyewe: 38 haiwezi kuwa ya mwanamke mmoja. Ni kama watatu kati ya wale wanne. Yaani hata ukimweka pembeni huyo suria unayemtafuta, hesabu inabisha mlango wa bibi yako, mama mzazi wa shangazi. Ulipoandika "Wanyasa" na jamani yake, shangazi alisoma jina la mama yake likichekwa mbele ya watu hamsini. Ndiyo maana ametoka. Unajua vyema neno hilo lilivyotumika pwani: aliyeletwa mtumwa kwa njia ya Ziwa Nyasa aliitwa Mnyasa, awe Mnyasa kweli au asiwe, na anayekuita hivyo hakuulizi kwenu ni wapi, anakukumbusha ulifikaje.

Asilimia zenyewe usizishike kama mizani ya sonara. Kampuni inalinganisha mate yako na ya watu wa leo waliokwisha kupimwa, na sisi wa Afrika Mashariki bado ni wachache humo. Wakiongeza watu, namba zako zitabadilika bila wewe kutema tena. "Malawi na Msumbiji" nalo si kabila. Wayao wako Malawi, wako Msumbiji, wako Tunduru na Masasi. Mipaka hiyo waliichora Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, wakati bibi zako pengine wameshafika pwani. Kinacholingana vizuri na historia ni njia waliyopita. Miwa ya Pangani ilitaka mikono, na misafara ya kusini ilishukia Kilwa. Biashara ya watu kwa bahari ilipopigwa marufuku mwaka 1873 na soko la Unguja likafungwa, watu walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kuja kaskazini, na Pangani ilikuwa njiani.

Mwanamke wa Toronto mjibu, leo hii, kwa salamu tu na kumshukuru. Watu wawili walio vitukuu vya mzee mmoja na mkewe mmoja hulingana kwa wastani kiasi cha sentimogani 230. Walio vitukuu vya mzee mmoja kwa wake tofauti hupata karibu nusu yake. 118 yenu inaangukia hapo, na maneno ya bibi yake yanaangukia hapo hapo. Ila usishone nguo kabla ya kupima. Pwani binamu huoana, watoto wao nao wakaoana, na ndoa za namna hiyo hupandisha namba, kwa hiyo mnaweza kuwa mbali kuliko inavyoonekana. Na mpaka sasa huna uhakika kwamba mmekutana kwa baba. Mtoto yeyote wa amu zako aliye huko Uingereza akipima kwa hiari yake, naye akalingana na huyo dada, hilo limekwisha. Mambo ya shamba na mirathi usimguse nayo, hata kwa mzaha. Bibi yake alisema "waliobaki", na kila familia iliyoondoka Pangani kwenda Muscat ina lake inaloogopa kuulizwa.

Utakuja kushauriwa umpime kaka yako kipimo cha kiume, kinachofuata kromosomu Y kutoka baba kwenda mwana. Kitakujibu kweli: likitokea kundi la J1, ambalo ni la kawaida sana Uarabuni, mnyororo wa baba una nguvu, likitokea E1b1a, lililoenea kwa watu wanaosema lugha za Kibantu, kuna mahali nisba ilichukuliwa bila damu. Hilo nalo si aibu. Mtumwa aliyeachwa huru aliandikwa huru wa fulani, alibaki chini ya mkono wa ukoo ule, na wajukuu zake wakaja kuitwa kwa jina la ukoo. Lakini jibu hilo likishatoka halirudi kichupani, na kaka yako ndiye mwenye binti anayeposwa. Muulize kwanza kama anataka kujua, na akisema hataki, hataki.

Kuhusu kumpima shangazi kipimo cha upande wa mama, kinachofuata kinasaba ambacho mama huwapa watoto wake, usipoteze hela wala heshima. Mwanamume hawapi watoto wake kinasaba hicho. Babu yako alikuwa nacho cha mama yake akafa nacho. Shangazi anacho cha bibi yako. Ukimtaka mama yake babu, tafuta dada wa babu aliyezaa binti, na binti akazaa binti. Tena Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, kwa hiyo kichupa cha mate si kitu cha kumpa mtu abebe kwenye begi kutoka Tanga bila kuuliza.

Maktaba aliyokutajia mwenzako ipo. Ni ya FamilySearch, Salt Lake City, Utah, ya Kanisa la Wamormoni, ambao walianzisha chama chao cha nasaba mwaka 1894. Kuingia ni bure, na kumbukumbu nyingi unazisoma bure kwenye intaneti. Lakini uzito wake uko kwenye vitabu vya kanisa na vya serikali: ubatizo, ndoa, maziko, hesabu za watu. Pwani ya Waislamu haikuandika watu hivyo, na mjakazi ndiye aliyeandikwa kidogo kuliko wote. Huko huenda ukapata kitu cha ukoo wa mama yako kabla ya huu wa baba, maana Wabondei waliobatizwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, kule Magila waliandikwa vitabuni. Hata hapo ningeanza na kanisa lenyewe. Kwa upande wa baba nyumba zako ni nyingine. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya utawala wa Wajerumani, ila uliza mapema habari za kibali. Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Bundesarchiv ya Berlin, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, ina majalada ya ofisi ya makoloni, fungu R 1001, na mengi yamewekwa kwenye intaneti. Yote hayo utayafaidi ukiwa na jina mkononi. Bila jina utakuwa unachambua mchele gizani.

Mumeo ana haki katika jambo moja. Fungua mipangilio ya akaunti yako uone nani anakuona, na ujue kwamba unaweza kuomba data ifutwe na mate yatupwe. Kampuni ya vipimo vya mate iitwayo 23andMe ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu karibu milioni 7 zikachukuliwa, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika, wateja wakabaki wanauliza mate yao yatauzwa kwa nani. Nyamaza yake ndiyo sikubaliani nayo. Ungenyamaza kabla ya kurusha picha.

Kuhusu posa sina maneno mengi. Hao wa Unguja nao wana mama zao.

Shangazi mpigie simu, usimwandikie. Piga baada ya alasiri akiwa ametulia, umwombe radhi kwa kicheko, kwa neno "Wanyasa" na kwa kulisema mbele ya watoto. Asilimia usizitaje, wala Nature, wala Barghash. Hivyo nimekupa wewe. Akikukatia, piga wiki inayofuata. Amu mwambie hayo hayo, naye utamsikia atakavyolainika akijua umeshaanza kwa dada yake.

Atakapokupokea, hata kama ni baada ya miezi mitatu, usimuulize habari za utumwa. Muulize habari za wanawake. Siri ya mtungi muulize kata. Mama yake babu aliitwa nani, na kabla ya jina hilo la Kiislamu alikuwa na jingine? Kazikwa wapi? Kwa umri wake, shangazi huenda alimdiriki akiwa mtoto. Alikuwa na chale usoni? Alikuwa na kitobo mdomo wa juu, palipokaa ndonya? Alibembeleza watoto kwa maneno gani ambayo hakuna aliyeyaelewa? Kipi alikataa kula? Unyago wa mabinti zake alichezeshwa na kungwi wa wapi? Chale na kitobo vinaweza kukwambia Mmakua, Mmakonde au Myao kuliko kampuni yoyote ya mate, na wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto ukiimbiwa mzee wa Masasi au Mangochi utakupa lugha.

Na karatasi hiyo. Inaweza kuwa hati ya shamba kweli, au risiti ya kodi. Lakini angalia kichwani kama pameandikwa Freibrief, yaani barua ya uhuru wa mtumwa. Wajerumani hawakufuta utumwa. Walitoa barua za uhuru, makumi ya maelfu, kwa waliojikomboa kwa fedha zao, walioachwa na mabwana zao, au waliopewa uhuru na serikali, na wakaamuru kwamba watoto waliozaliwa kuanzia 1906 wahesabiwe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Ikiwa ni Freibrief, umepata jina, na huenda huyo mtu ndiye aliyeikunja karatasi na kuiweka kashani kwa mkono wake, chini ya kanga, ambako hati ya shamba haikai.

Isipigwe pasi wala kubandikwa selotepu. Ipigwe picha mchana karibu na dirisha, pande zote mbili. Upande wa Kijerumani utapata wa kukusomea huko huko Ulaya. Wa nyuma ndio unaonitamanisha mimi, kwa sababu zamani zile watu wa Pangani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wa mkono nyuma ya karatasi ya serikali mara nyingi ni wa mwenye karatasi au mtu wake wa karibu. Msomaji wa upande huo usimtafute mbali. Yupo mmoja ana miaka 81, alikufundisha wewe alifu na be, na kasha analo chumbani.